WENZETU WA DARASA WALIOTUTANGULIA

Mwezi wa Novemba ni mwezi wa marehemu. Mama Kanisa hututuma kila mwaka makaburini, si kwa kutaka kutuhuzunisha, bali kwa kutukumbusha deni. Twawakumbuka baba na mama, babu na bibi, mume na mke, na watoto waliofariki kabla ya wazazi wao. Hao hawasahauliki upesi, kwani damu ni nzito. Lakini liko kundi jingine la marehemu ambalo ni wachache wanaolifikiri: wale tuliosoma nao. Hawamo katika ukoo wetu, wala majina yao hayatajwi katika matambiko ya wazee wetu wala katika urithi. Hata hivyo, tulikaa nao benchi moja, tukala nao sahani moja, tukachapwa nao siku moja. Na kwa wengine wetu, mambo mema tuliyo nayo leo, baada ya Mungu na wazazi, tuliyapata kwao.

Ndugu msomaji, leo twataka kusema juu ya hao. Mtu anapokufa, wale waliosoma naye hufanya nini? Siku hizi habari ya kifo hufika kwa simu kabla machozi ya wafiwa hayajakauka. Kila mmoja hujibu neno moja la pole, wengine huchanga rambirambi, wachache husafiri kwenda mazikoni. Siku ya tatu matanga huanuliwa, na jina la marehemu huanza kufifia kama maandishi ya chaki ubaoni. Baada ya mwaka mmoja, nani anayekumbuka hata tarehe ya kifo chake? Je, hivyo ndivyo apasavyo Mkristu kumkumbuka mwenzake?

Tusijibu upesi. Kwanza tuwatazame watakatifu, maana wao nao walikuwa wanafunzi, walikuwa na wenzao wa darasa, nao walifiwa.

Mwaka 1525 vijana wawili wenye umri wa miaka kumi na tisa walifika Paris kusoma. Mmoja alikuwa Petro Faber, mtoto wa wakulima wa kijiji cha Villaret katika milima ya Savoia, ambaye utotoni alichunga kondoo. Wa pili alikuwa Fransisko Ksaveri, mtoto wa watu wakubwa, aliyezaliwa katika ngome ya Javier nchini Navarra. Walizaliwa mwaka mmoja, 1506, hata mwezi mmoja, Aprili. Nje ya shule mchungaji na mwana wa ngome wasingalikaa meza moja. Lakini chuo cha Sainte-Barbe kiliwaweka chumba kimoja, chini ya mwalimu mmoja, nao wakawa ndugu. Mwaka 1529 aliingia chumbani humo mwanafunzi wa tatu, mtu mzima mwenye miaka karibu arobaini, askari wa zamani aliyechechemea kwa jeraha la vita: Inyasi wa Loyola. Petro alipewa kazi ya kumsaidia mzee huyo katika masomo ya Aristotle. Petro akamfundisha Inyasi falsafa, na Inyasi akamfundisha Petro njia ya roho. Fransisko hakuvutwa upesi, kwani moyo wake ulikuwa ukitafuta cheo na sifa. Lakini yeye naye alishikwa na neema. Tarehe 15 Agosti 1534, wenzi saba walipanda kilima cha Montmartre wakaweka nadhiri zao. Misa ya siku hiyo aliisoma Petro Faber, kwa sababu kati ya wote saba yeye peke yake alikuwa amekwisha kupata Upadre. Humo ndimo ilimozaliwa Shirika la Yezu.

Tazameni basi chumba kimoja cha wanafunzi kinavyoweza kuzaa! Watakatifu watatu walilala chini ya dari moja, wakagombea taa moja na vitabu vile vile. Wazazi wanaowapeleka watoto wao shuleni, na walimu wanaowapangia watoto mahali pa kulala, wajue kwamba hawapangi vitanda tu. Wanampa mtoto watu atakaowajibika kwao mbele ya Mungu hadi kufa, na hata baada ya kufa.

Mwezi wa Machi mwaka 1540 Fransisko aliondoka Roma kwenda Ureno, na kutoka Ureno alisafiri kwenda Bara Hindi. Hakumwona Petro tena. Petro naye alifika Ureno mwaka 1544, lakini wakati huo Fransisko alikuwa amekwisha kwenda ng'ambo ya bahari. Waliosoma kitabu kimoja kwa taa moja wakawa sasa hawawezi kusikiana ila kwa barua, na barua ya siku hizo ilingoja pepo na merikebu. Pengine miaka miwili ilipita kabla jibu halijapatikana.

Fransisko alifanya nini asiwasahau wenzake? Katika barua aliyoiandika kisiwani Ambon tarehe 10 Mei 1546, aliwaeleza. Alizichukua barua zao, akakata kwa uangalifu yale majina waliyoyaandika kwa mikono yao wenyewe, akayabeba daima pamoja na hati ya nadhiri zake. Mtu yule hakuwa mlegevu wala mwenye kupenda kujionea huruma. Alivuka bahari zenye hatari akabatiza watu maelfu. Lakini alijua kwamba moyo wa binadamu husahau, na ya kuwa anayetaka kukumbuka hana budi kutafuta njia ya kukumbuka. Sisi watu wa Afrika twaijua hirizi, na Kanisa limetukataza kuitumainia. Majina yale hayakuwa hirizi. Hayakuwa na nguvu yoyote ya kumkinga na mshale wala na homa. Yalikuwa ukumbusho tu wa kumwita kwenye sala: huyu, na huyu, na huyu, Bwana, uwahifadhi.

Wakati Fransisko alipoandika barua ile, Petro Faber alikuwa hai. Papa Paulo III alikuwa amemwita aende Mtaguso wa Trento awe mwanateolojia. Alikuja kutoka Hispania katika joto kali la kiangazi, akafika Roma mwezi wa Julai hali amechoka, akashikwa na homa. Tarehe 1 Agosti 1546 alifariki, mwenye umri wa miaka arobaini. Inyasi, aliyekuwa mwenzake wa chumba, alikuwapo Roma. Fransisko alikuwa mbali katika visiwa vya Maluku, wala hakujua lolote. Labda siku ile ile aliliombea jina la mwenzake kama jina la mtu aliye hai. Sala ile haikupotea. Mungu hapokei sala kwa kufuata tarehe zetu.

Mwishowe habari ilimfikia. Akafanya nini? Katika barua aliyoiandika Cochin tarehe 20 Januari 1548, alisimulia safari yake kutoka Malacca. Merikebu ilishikwa na dhoruba siku tatu mchana na usiku, na watu wakakata tamaa ya kuishi. Katika hatari ile Fransisko alijikabidhi kwa Mungu, akaomba msaada wa wenzake wa Shirika walio hai duniani, kisha akaomba maombezi ya waliokwisha kutangulia, na kati yao alimtaja Padre Faber. Yule kijana mchungaji aliyekuwa akilala kitanda cha pili, sasa Fransisko alimwita kama mtu anavyomwita mkubwa wake aliye karibu na mfalme. Urafiki wa shule haukuzikwa pamoja na mwili. Ulibadilika tu njia: zamani ulipita katika barua, na sasa ulipita katika sala.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki asidhani kwamba mambo haya ni ya mbali. Fransisko alipokuwa njiani kwenda Goa, alikaa karibu miezi sita katika kisiwa cha Msumbiji akiwauguza wagonjwa, na mwaka 1542 merikebu yake ilitia nanga Malindi. Hapo walimzika mtu mmoja aliyefariki chomboni. Fransisko mwenyewe aliandika kwamba walimzika kwa ibada ya Kanisa, na kwamba Waislamu wa mji walipendezwa na desturi yetu ya kuzika wafu. Hata leo liko Malindi kanisa dogo la Wareno lililoezekwa kwa makuti, na kando yake yako makaburi ya zamani. Mzishi yule alikuwa mgeni, mzikwaji alikuwa mgeni, mji haukuwa wa Kikristu. Na heshima waliyompa maiti ikawa mahubiri ambayo hakuna aliyeyakataa. Wakristu wa sasa na tujiulize: wasio wa dini yetu wanapotutazama tunavyowatendea wafu wetu, je, wanajengwa au wanakwazwa?

Na hapa hatuna budi kugusa jambo linalouma. Si muda mrefu uliopita tulimzika mwenzetu mmoja ambaye baadhi yetu tulisoma naye Seminari Kuu. Tulianza falsafa pamoja. Alikuwa na akili nyepesi ya lugha, na daftari lake la Kilatini lilizunguka darasa zima, likarudi kwake limechakaa bila yeye kunung'unika. Wako mapadre leo wanaosimama altareni ambao pasipo daftari lile wasingalivuka mtihani wa mwaka wa kwanza. Alipokuwa katika teolojia, baada ya kusali na kushauriana na wakubwa wake, aliona kwamba Mungu hakumwita kwenye Upadre. Akarudi nyumbani, akafunga ndoa kanisani, akawa mwalimu wa shule ya msingi kijijini, na kila Dominika jioni aliwafundisha katekisimu watoto wa kigango. Alifariki akiwa amepokea Sakramenti zote. Ameacha mjane na watoto wanne.

Katika matanga yake lilisikika neno moja, nalo lilisemwa na zaidi ya mtu mmoja: “Huyu ndiye aliyeshindwa seminari.” Mtu alifundisha watoto wa watu miaka kadhaa, akalea nyumba ya Kikristu, akafa katika neema kama tunavyotumaini, na sifa anayosindikizwa nayo kaburini ni kwamba “alishindwa”! Ndugu wapenzi, neno hilo si la Kikristu. Seminari ni nyumba ya kuisikiliza sauti ya Mungu. Aliyesikiliza kwa unyofu, akajibiwa “rudi ukawe baba wa nyumba,” naye akatii, hakushindwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, ulitukumbusha waziwazi kwamba wito wa utakatifu ni wa wote, si wa mapadre na watawa peke yao. Mbele ya Hakimu hatutaulizwa tulivaa kanzu gani, bali tulipenda kiasi gani.

Inyasi mwenyewe na atufundishe. Kabla ya kufika Paris alikuwa na wenzake wengine huko Hispania waliomfuata katika umaskini. Hao hawakudumu naye. Walitawanyika, kila mtu njia yake. Lakini katika siku zake za mwisho, alipokuwa akisimulia habari za maisha yake, Inyasi hakuwaruka kama watu wa aibu. Alieleza mmoja mmoja yaliyompata. Mtakatifu hakulifuta jina la mtu kwa sababu njia zao ziliachana. Nasi je, tuna ruhusa ya kuyafuta?

Wengine watasema: “Sawa, mwenzenu huyo alikufa vizuri. Lakini mwenzangu mimi alikufa vibaya. Alikuwa mlevi, aliacha kanisa, alifia mahali pasipotajika. Nimkumbuke kwa lipi?” Swali hilo lina uzito, na Maandiko Matakatifu yamekwisha kulijibu. Katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya kumi na mbili, twasoma jinsi Yuda Mmakabayo alivyokwenda kuwazika askari wake waliokufa vitani. Walipoinua maiti zao, walikuta chini ya nguo za kila mmoja wao hirizi za miungu ya uwongo. Aibu gani! Watu waliopigana kwa ajili ya Mungu wa kweli walikuwa wamejificha chini ya miungu mingine. Yuda hakuficha kosa lao, wala hakusema ni kitu kidogo. Lakini pia hakuwatupa. Alisali pamoja na jeshi lake lote, akachanga fedha, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi yao, kwa maana alitumaini ufufuko. Hivyo ndivyo mwenzi wa kweli anavyomkumbuka mwenzake aliyekosa: hasemi uwongo juu ya kaburi lake, wala halitemei mate kaburi lake. Anafungua mkono wake, anapiga magoti.

Kanisa, katika Mtaguso ule ule wa Trento ambao Petro Faber alikufa kabla ya kuufikia, mwaka 1563 lilitangaza tena imani yake: kwamba toharani iko, na kwamba roho zilizomo husaidiwa na maombi ya waamini, na hasa kwa sadaka ya altare inayompendeza Mungu. Wahenga wetu husema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Iko dhiki gani kubwa kupita hiyo ya roho inayompenda Mungu nayo haijaruhusiwa bado kumwona? Mgonjwa anaweza kuita. Mwenye njaa anaweza kuomba. Mfungwa anaweza kuandika barua. Roho iliyo toharani haiwezi tena kujipatia stahili yoyote. Yatungoja sisi. Na pengine yamngoja hasa yule aliyeazima daftari lake.

Jambo jingine tuliangalie. Katika hotuba za mazishini siku hizi kila marehemu ni mtakatifu. Msemaji husimama akasema, “Mwenzetu yuko mbinguni, hana haja ya kuliliwa,” na watu hupiga makofi. Nia yao ni kufariji, lakini kwa kufanya hivyo wanamnyang'anya marehemu sala zake. Tazameni Kanisa lisivyo na haraka. Petro Faber, ambaye Fransisko Ksaveri alimwomba katika dhoruba, alitangazwa Mwenye Heri na Papa Pius IX mwaka 1872, na Papa Fransisko alimwandika katika orodha ya Watakatifu tarehe 17 Desemba 2013, zaidi ya miaka mia nne na sitini baada ya kifo chake. Mwenzake wa chumba alikuwa Mtakatifu tangu mwaka 1622. Tukiwa na matumaini makubwa juu ya mwenzetu, na tumwombe maombezi moyoni mwetu. Lakini tusiache kumwombea. Kama hana haja ya sala ile, Mungu anajua mwenye haja.

Basi tufanye nini? Twaweka mbele yenu mambo manne, wala hakuna hata moja lisilowezekana.

La kwanza: darasa lililofiwa na liombe Misa Takatifu, si siku ya mazishi tu, bali kila mwaka tarehe ya kifo. Watu waliosoma pamoja huweza kuchanga kwa ajili ya karamu ya kukutana. Hawatashindwa kuchanga kwa ajili ya Misa. Na padre aliye mmoja wa darasa hilo asingoje kuombwa.

La pili: madeni. Kama marehemu alikuwa na deni kwako, lisamehe leo, ukamwambie mjane kwa kinywa chako ili asiishi kwa hofu. Kama wewe ndiwe mwenye deni, ulipe. Vitabu alivyokuazima, fedha alizokupa siku ya shida, shamba mlilonunua pamoja: vitu hivyo sasa ni mali ya yatima, na Mungu ni mlinzi wa yatima. Wako wanaolia sana mazikoni kumbe wanashukuru kwamba shahidi amekufa. Machozi ya namna hiyo Mungu hayahesabu.

La tatu: watoto wake. Baba alikuwa mwalimu. Je, wanawe wakose ada na madaftari, hali rafiki zake kumi wanakunywa pombe jioni wakisimulia vituko vyake vya shule? Hadithi ni njema, kicheko si dhambi. Lakini mtoto hasomi kwa hadithi.

La nne: ugomvi. Wengi waliosoma pamoja huachana kwa sababu ndogo: cheo, fitina, neno lililosemwa miaka mingi iliyopita. Mmoja akifa, yule wa pili hubaki na mzigo asioweza kuutua. Kama ulikosana na aliyekufa, nenda kaungame, umwombee kwa jina lake, ukaitendee wema nyumba yake. Bwana wetu ametufundisha tupatane na mwenzetu upesi, tungali njiani pamoja naye. Njia ni fupi kuliko tunavyodhani.

Na jambo hili la mwisho lawahusu walio hai. Fransisko aliyakata majina ya wenzake wangali wanapumua. Hakungoja kifo ndipo aanze kupenda. Wewe uliye na simu mfukoni, ambaye sauti yako yaweza kufika mkoa wa mbali kabla maji hayajachemka, huna udhuru aliokuwa nao mtu wa Maluku. Kati ya wale mliosoma nao yuko mmoja aliyenyamaza muda mrefu. Labda ni mgonjwa, labda amefilisika, labda anaona aibu kwa sababu maisha hayakumwendea kama yalivyokwendea ninyi. Mtafute yeye kabla hamjakutana kwenye jeneza lake.

Fransisko Ksaveri alifariki tarehe 3 Desemba 1552 katika kisiwa kilicho karibu na nchi ya China, mbali na wote aliosoma nao. Wakati huo Petro alikuwa amemtangulia miaka sita, na Inyasi alimfuata mwaka 1556. Chumba cha Sainte-Barbe kikajaa tena, mahali ambapo hakuna mtihani wala kuagana. Na tuwaombee wenzetu wa darasa, jina kwa jina, katika mwezi huu wa marehemu na katika kila Misa, ili siku ya kuitwa kwetu itakapofika wako wa kutupokea, nasi tusiingie kama wageni.